Zile Siku za Kati

Mtamba wa Mugure alikuwa analia tangu asubuhi, akiwapanda wenzake na kuyakataa majani, na chini ya mkia wake ulining'inia ute mwangavu uliovutika kama uzi. Mugure aliutazama mara moja tu, akafuta mikono kwenye aproni na kumpigia simu Kipngetich, mpandishaji wa ng'ombe kwa mbegu za mrija ambaye watu wa Bahati walimwita daktari ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwahi kujiita hivyo.

"Ameanza lini?" Kipngetich aliuliza.

"Leo asubuhi. Ute uko safi kabisa."

"Basi nitakuja jioni. Lakini mathe, nikipata wateja kumi kama wewe nitakufa maskini. Kwako sijawahi kurudia ng'ombe."

"Siku utakaporudia ndiyo siku nitatafuta daktari mwingine," Mugure alimwambia, akakata simu.

Natalie, binti wa kaka yake, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na zizi, kikombe cha chai mikononi. Alikuwa anasomea uuguzi mjini Nakuru na wikendi nyingine alikuja kumtembelea shangazi yake, kwa sababu ya maziwa, alivyosema mwenyewe.

"Anti, unajua huyu ng'ombe na sisi ni kitu kimoja?"

"Wewe na yeye, labda. Mimi simalizi ugali sufuria nzima."

Natalie alicheka hadi chai ikamwagika. "Nasema ukweli. Hata mwanamke ana siku zake, ni vile tu hatupigi kelele. Katikati ya mwezi unaona ute kama huo, unavutika kama wa yai bichi. Hapo ndipo mlango umefunguka. Majuzi kliniki alikuja bwana na bibi yake, wametafuta mtoto miaka. Sista akawauliza huwa wanakutana siku gani. Wakaangaliana kama watoto wameulizwa hesabu."

Mugure alikuwa ameshika kamba ya mtamba. Alijikuta ameizungusha mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

"Huo si ugonjwa?" aliuliza.

"Ugonjwa unawasha. Unanuka, ama unabadilika rangi. Huu wa katikati hauna neno. Ni mwili unafanya kazi yake."

"Nauliza tu. Kuna rafiki yangu wa kanisani."

"Basi mwambie rafiki yako wa kanisani asizitoroke hizo siku." Natalie alipuliza chai yake bila kuinua macho. "Yai likitoka linaishi kama siku moja. Mbegu za mwanaume ndizo zina subira, zinaweza kungoja huko ndani hata siku tano. Kwa hivyo ni zile siku chache kabla ya yai, na siku yenyewe. Ukizikosa, mwezi umeenda."

"Na asipozikosa?"

"Hata hapo si lazima ishike. Msichana kama mimi, akiwa na afya, kila mwezi ana nafasi kama moja kwa nne, moja kwa tano. Akifika arobaini inashuka, pengine moja kwa ishirini. Rafiki yako ana miaka mingapi?"

"Bado ni mdogo," Mugure alisema. "Ana wakati."

Yeye mwenyewe alikuwa na arobaini na mmoja. Alichukua ndoo akaenda kumtekea mtamba maji, ingawa maji yalikuwa tele kwenye hori.

Alisimama nyuma ya tangi, mahali ambapo Natalie hangemwona, na mambo yakaanza kumjia moja baada ya lingine, kwa utulivu wa kutisha.

Shule ya bweni aliyosomea ilikuwa na matroni mmoja aliyeogopwa. Siku moja aliwakusanya wasichana kwenye bwalo la chakula akawaambia kwamba msichana akiona majimaji yoyote kwenye nguo yake ya ndani, huo ni ugonjwa, na ugonjwa huo huwapata wasichana wa tabia fulani. Mugure, ambaye hakuwa ameshika hata mkono wa mvulana, alilala akilia. Tangu hapo kila mwezi alipouona ule ute alikwenda duka la dawa, akanunua vidonge vya kuua viini kwa sauti ya chini, akavimeza. Baada ya siku chache ute ulikoma, kama ambavyo ungekoma wenyewe, na vidonge vikapewa sifa.

Kisha akaolewa na Jamleck, aliyekuwa akikata nyama kwenye bucha ya soko la Bahati. Mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, anayepiga hodi hata kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Mugure alimpenda, na hapo ndipo alipokwama sasa nyuma ya tangi: alimpenda, na kwa kuwa alimpenda hakutaka kumwambukiza. Zile siku za kati alisema mgongo unamuuma. Akahamia chumba cha pili na blanketi lake. Ama akaenda kumsalimia mama yake kule Subukia, akarudi alipojiona amekuwa safi. Miaka kumi na mmoja.

Walikwenda hospitali. Walipimwa wote wawili na hakuna kasoro iliyoonekana. Daktari aliuliza kama wanakutana kawaida, na wao wakajibu ndiyo kwa pamoja, kama kwaya. Basi endeleeni, akasema, msiwe na haraka. Kuhusu siku hakuuliza, na hata kama angeuliza, Mugure asingeweza kulitaja jambo lile Jamleck akiwa ameketi pale pembeni.

Hata hivyo kila mwezi alikuwa akizitafuta dalili za mimba. Hakuna mwanamke wa Bahati aliyezijua kama yeye. Matiti kuuma yakiguswa na nguo. Usingizi wa mchana usio na sababu. Kwenda haja ndogo kila mara, ladha ya chuma mdomoni, chai kunuka kitu kisicho chai. Alizihesabu, akafurahi kimyakimya, halafu damu ikaja, kwa maana mwili una dalili zilezile chache na huzitumia kwa mambo yote mawili. Mara nyingine hakungoja, akanunua kipimo cha mkojo, akakaa chooni akiutazama mstari mmoja mpaka macho yakauona mstari wa pili ambao haukuwepo.

Jamleck aliondoka miaka mitatu iliyopita. Hawakugombana. Alifunga nguo zake kwenye mfuko, akafika mlangoni, akageuka.

"Niambie tu kitu kimoja," alisema. "Nilikuwa nanuka? Kama ni harufu ya nyama, ungeniambia. Ningeacha hiyo kazi."

Jibu lililokuwepo lilikuwa na aibu zaidi kuliko kimya, kwa hiyo Mugure akachagua kimya, na Jamleck akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Sasa jibu lilikuwa limebadilika, na lilikuwa haliwezi kukaa ndani. Jumanne, siku ambayo wateja wa nyama ni wachache, Mugure alivaa sweta yake nzuri akaenda Kikopey, kwenye bucha ya nyama choma aliyokuwa nayo Jamleck sasa kando ya barabara kuu.

Alimkuta Jamleck kwenye gogo la kukatia nyama, amenenepa kidogo, ndevu zimeanza mvi. Moshi wa majiko ulikuwa umetanda juu ya barabara yote. Jamleck alipomwona aliweka kisu chini polepole.

"Mugure. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kaa. Umenishtua."

Mwanamke kijana alitoka na birika la maji ya kunawa na sabuni. Huyu alikuwa Njoki, aliyekuwa akiishi na Jamleck na kuendesha bucha pamoja naye. Alimtambua mgeni bila kuambiwa, akajikaza.

"Karibu, mama. Utakula mbavu ama tukuletee supu?"

"Supu itatosha. Asante."

Mchomaji alizigeuza mbavu. Mafuta yakadondoka kwenye makaa, moshi mpya ukapanda, na Njoki akageuza uso ghafla. Alikaza leso puani, akameza mara mbili, akaweka birika chini na kupotea nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yalikuwa na maji. Alikata ndimu akaanza kuifyonza, na mkono wake mwingine ukavuta nguo mbali na kifua, taratibu, bila yeye kujua kwamba anafanya hivyo.

Mugure alijua. Alijua kabla Njoki hajaketi.

"Ni tumbo," Njoki alieleza, akiona anatazamwa. "Tangu juzi juzi. Moshi nilikuwa nalala nao, sasa siutaki. Nimenunua dawa ya taifodi lakini bado."

"Nilimwambia ni haya maji ya kuletwa na lori," Jamleck akasema. "Hasikii. Anakunywa tu kama ngamia."

"Na wewe unayekula pilipili na mkate?"

"Mimi sijalalamika."

Mugure aliinamia supu yake. Angeweza kuinywa, kusema lililomleta na kuondoka. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alizifikiria zile dawa, na jinsi vidonge vinavyomezwa na mtu asiyejua anatibu nini.

"Njoki," alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi wako ulikuja?"

Njoki alitazama sakafu. "Ulikuja. Matone tu, siku moja. Nilifikiri ni mawazo."

"Wacha hizo dawa kwanza. Nenda kliniki wapime mkojo. Uwaonyeshe na pakiti, wajue umemeza nini. Inaweza isiwe, mwili hudanganya. Lakini wapime."

Njoki alibaki na ndimu mdomoni. Tabasamu lilianza, akaliziba na leso. Jamleck alitazama mmoja, akatazama mwingine, na Mugure aliona jambo lile linamfikia, linapanda kutoka shingoni hadi kwenye macho. Kisha akaona kitu kibaya zaidi. Jamleck aliificha ile furaha. Aliikunja haraka, kwa heshima, kwa sababu yeye Mugure alikuwa pale, akaanza kupangusa gogo ambalo lilikuwa safi.

Alimsindikiza hadi kando ya barabara. Malori yalipita yakielekea Gilgil, na kila moja liliwafanya wangoje kabla ya kusema.

"Hukuja kunywa supu," Jamleck alisema.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Mugure alikuwa ameyapanga yote: matroni, vidonge, zile siku, nafasi moja kwa tano kila mwezi kwa miaka yote aliyokuwa na nguvu za ujana. Sasa, akilini mwake, alimwona Jamleck akirudi na hesabu hiyo ndani ya nyumba. Alimwona akimbeba mtoto huyu, kama angekuwepo, na kuwahesabu wengine ambao hawakuzaliwa.

"Uliniuliza kitu siku ile ukitoka," alisema. "Sikukujibu."

"Hiyo iliisha, Mugure."

"Hukuwa unanuka."

Jamleck alikunja pindo la aproni yake.

"Nilidhani nina ugonjwa. Wa wanawake. Ulikuwa unakuja na kwenda, na ukija nilikutoroka nisikuambukize. Niliona aibu kukuambia. Ni hivyo tu."

"Ugonjwa gani?"

"Haukuwa ugonjwa. Nimejua juzi."

Jamleck alitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Unajua mpaka leo siwezi kukaa karibu na Njoki kabla sijaoga? Ananicheka. Anasema mimi ni kama bibi arusi."

"Pole."

"Ungeniambia tu. Mimi ningekaa na huo ugonjwa wako."

"Najua. Sasa najua."

Lori lingine lilipita. Jamleck alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na mtoto? Hiyo ilihusika na mtoto?"

Alikuwa amesimama karibu, uso wake uko wazi kama alivyokuwa kijana, na Mugure alijua kwamba hangeulizwa tena.

"Hayo hakuna anayeweza kuyajua," alisema. Ulikuwa ukweli. Hata siku zikiwa sawa, mwili unaweza kukataa, Natalie alisema hivyo. Aliushika ukweli huo mdogo kwa nguvu zote wakati anausema.

Jamleck aliitikia kwa kichwa. Kifua chake kilishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na macho yakamponyoka yakaelekea buchani.

"Nenda," Mugure alimwambia. "Atataka kwenda kliniki leo, na wewe hutaki aende peke yake."

Jamleck aliondoka akitembea. Alipofikiri yuko mbali vya kutosha akaanza kukimbia, mtu mzima mwenye aproni, akiruka mtaro. Mugure alimtazama hadi akaingia mlangoni. Kwa miaka kumi na mmoja alimnyima mtu huyu zile siku kwa kumhurumia, na leo alikuwa amemnyima tena, ukweli mzima, kwa huruma ileile. Alisimama pale kando ya lami akijaribu kujua kama safari hii pia alikuwa amekosea, na hakujua.