Njoo Mara Tatu

Sindano ya gramafoni ya zamani ilikuwa ikikwama na kurudia maneno, kinyozi akaona sasa basi. Alilinganisha mashine dukani hadi muuzaji akamchoka, akarudi nyumbani na mpya. Akamketisha mama mkwe wake sebuleni, akaweka santuri ile ile ya siku zote. Sauti ikatoka safi, utadhani mwimbaji amekaa kochini. Wote wawili wakaimba naye.

Mama mkwe akanyamaza ghafla. "Baba, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii inameza maneno."

"Maneno gani, mama?"

"Huyu bwana humwita mpenzi wake njoo, njoo, njoo. Hapa ameita mara moja tu. Nani atakuja?"

Kinyozi alitaka kucheka, akakumbuka kwamba naye aliimba njoo tatu, mbili za mwisho bila mwimbaji.