Komeo Chini ya Rangi

Neno "nimekosea" lilikuwa halijawahi kumtoka fundi milango. Mlango ukigoma kufunga, ukuta ndio umepinda. Ukuta ukiwa umenyooka, basi mwenye nyumba alitoa vipimo vya uongo. Aliishi hivyo mpaka mvi zikamwota, na hakuona hasara yake hadi bintiye alipohama.

Chanzo kilikuwa karatasi. Fundi alikuwa na madirisha manane ya kupuliza rangi, vioo vikiwa vimeshawekwa, na karatasi za kuzibia vioo zikamwishia katikati ya kazi. Akaingia ndani, akakuta kitabu cha michoro kitandani kwa bintiye, akakichana. Kilikuwa kitabu cha saba cha Mnara wa Chumvi, moja ya zile hadithi za Kijapani wanazoziita manga, zinazosomwa kuanzia kulia. Binti, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili mwenye kazi yake duka la dawa, alirudi akakuta malkia, joka na jeshi zima wamebandikwa kwenye madirisha ya watu, wamelowa rangi ya kahawia.

"Karatasi ni karatasi," fundi akamwambia.

Binti alivifungia vitabu vilivyobaki kabatini, akachukua ufunguo na nguo zake, akahamia kwa shangazi yake mtaa wa pili. Kufuli lile fundi angelifungua kwa msumari, macho yamefumbwa. Hakuligusa.

Wiki tatu zikapita, simu zake hazipokelewi. Siku alipokuwa akibandua karatasi kwenye dirisha la mwisho, kwa maji na kiwembe, ukurasa mmoja ulimsimamisha. Hadithi yenyewe aliijua juu juu, maana kwa miaka binti alimsimulia wakati wa kula, naye akiitikia "enhe" huku kichwani anapiga hesabu za mabati. Aliijua hata ile hoja inayowanyima wasomaji usingizi: nani alimfungia malkia mnarani? Wengine walisema kaka yake mfalme, wengine joka, wengine mtumishi aliyekatwa ulimi. Sasa fundi alikuwa anautazama mlango wenyewe. Picha ya juu ilichorwa ndani ya chumba, na komeo lilikuwa hukohuko ndani. Picha ya chini ilichorwa nje, na mlango ulikuwa laini kama sahani.

Akapiga picha ukurasa, akamtumia binti na maneno machache: "Malkia hajafungiwa na mtu. Amejifungia mwenyewe. Komeo liko ndani."

Hazikupita dakika tano, simu ikaita.

"Baba, una uhakika?"

"Mimi na makomeo, unaniuliza uhakika?"

Waliongea nusu saa, yote ya malkia, hakuna la nyumbani. Jioni binti aliipeleka hoja kwenye kundi lao la simu, wasomaji elfu mbili, ambako yeye anaitwa Kinyonga. Aliandika kwamba fundi mmoja anayemfahamu amegundua jambo. Kundi likawaka moto. Fundi akalala kama mfalme.

Asubuhi simu ikaita tena.

"Baba, komeo la nje lipo." Sauti ilikuwa ya chini. "Wenye vitabu vizima wameweka picha. Liko pembeni kabisa, pale kwenye doa la rangi yako. Mimi nisingejua, maana kitabu changu ndicho hicho."

Akakata.

Fundi alichukua thina ya kuyeyushia rangi na kitambaa, akasugua doa polepole. Komeo likatokea, jeusi, limechorwa vizuri kabisa, hata misumari yake minne. Alitafuta wa kumlaumu. Alimpitia mchoraji, akampitia mwenye madirisha, akaikagua hata thina. Hakupata mtu.

Siku nzima ile hakugusa chuma. Jioni akaenda kwa dada yake.

"Kaka," shangazi mtu alisema mlangoni, "umekuja kwa mwanao au kuzikashifu bawaba zangu?"

"Kwa mwanangu. Ingawa hii ya juu..."

"Yuko uani. Pita."

Binti alikuwa anaanua nguo. "Shikamoo baba," alisema, kwa sauti ile anayowapa wateja wasio na cheti cha daktari.

"Marahaba, mama. Nimekuletea kurasa zako. Zote. Zenye rangi nimezisafisha, ila nyingine zimetoka na wino wake." Akaliweka furushi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ulimi ulimkwama kama bawaba yenye kutu. "Nilikosea."

"Kuhusu komeo?"

"Komeo ni dogo. Nilikosea kuchana kitabu chako. Na niliposema karatasi ni karatasi, nilijua nasema uongo. Daftari langu la vipimo nani analigusa humu duniani?"

Binti alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja upya. "Wamenicheka sana, baba. Wananiita Kinyonga wa Kahawia."

Fundi alibana midomo asicheke. Binti alimwona anavyohangaika nayo, akacheka yeye kwanza.

Kisha akafungua furushi, akautafuta ukurasa ule. "Mbona la ndani nalo lipo?" akauliza baadaye. "Wote wamekazana na la nje. Mlango gani una makomeo pande mbili?"

Fundi aliketi kwenye kizingiti, akafikiri sana. "Niliwahi kutengeneza mmoja," akasema. "Nyumba moja, ndugu wawili wameigawana. Ule mlango wa kati, kila mmoja ana komeo upande wake. Mmoja akifungua peke yake, haufunguki."

"Kwa hiyo nje ya kile chumba..."

"Si ukumbi. Kuna mtu anaishi. Naye amejifungia."

Binti akatoa simu. Fundi alichungulia herufi zikipita: *Baba yangu, yuleyule aliyekosea jana, anasema hivi.*

Sura mpya ya Mnara wa Chumvi ilitoka Ijumaa, na binti alikuja nyumbani kuisoma, kwa kuwa mtandao wa kwa shangazi, alisema, ni wa kuvizia. Walikaa mezani simu katikati. Kurasa ishirini, zote za joka likivuka mto.

"Na mlango?"

"Hamna mlango."

"Mchoraji huyu ana dharau."

"Tumemzoea," binti alisema. Akainuka na furushi la kurasa, akafungua kabati, akaliweka baada ya kitabu cha sita. Ufunguo aliuacha kwenye kufuli.