Mniko Hakukohoa

Jamani, kukohoa tu! Kazi ya kukohoa mara moja ilimshinda Mniko, mwanaume aliyefunga feni za mgodini huko Kewanja miaka tisa.

Alikuwa ameitwa Tarime kwenye ukarabati wa jengo kuukuu la tawi la chuo kikuu. Viyoyozi vipya, pampu mpya, na kwenye maabara ya kemia feni kubwa ya kunyonya moshi wa dawa na kuutupa nje juu ya paa. Siku ya ukaguzi Mhandisi Eugenia, msimamizi wa kazi, akampa fomu. Kila chumba aingie, awashe feni, ashike karatasi kwenye tundu la hewa. Ikivutwa, atie sahihi.

Alipofika maabara akasikia ndoo ikiburuzwa ndani, na mtu akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikurya. Mama mkwe! Bernadetha alikuwa mfanya usafi wa chuo, na kwao Wakurya mwanaume haingii chumba alimo mama wa mkewe, wala hawatazamani. Unakohoa mlangoni, mama anatokea mlango mwingine, mambo yanaisha. Lakini nyuma yake walisimama mafundi wa kutoka Mwanza, mabingwa wa kutania watu. Mniko akaona aibu kukohoa mbele yao. Akaegemeza fomu ukutani, akatia sahihi, akapita zake.

Jumatatu mwalimu akawasha feni, akachanganya dawa zake. Kumbe nyaya mbili zilikuwa zimepishana, feni ikazunguka kinyume. Moshi wote ukarudi ndani. Mwalimu alikimbia. Bernadetha, aliyekuwa akipiga deki humo, hakuweza kukimbia kwa magoti yake mabovu; wakamkuta sakafuni.

Wakamlaza barazani, macho mekundu, pumzi za shida, wakisubiri gari la hospitali. Mniko akasimama mbali, amempa mgongo. Eugenia akaja na fomu mkononi.

"Mniko, hii maabara uliikagua kweli?"

Kabla hajajibu, sauti ya Bernadetha ikakwaruza: "Aliingia. Nilikuwemo. Nilimwona kwa macho yangu akishika karatasi."

Eugenia, mtu wa Bukoba asiyeijua mila hiyo, akaliona jibu zuri kabisa. Ila vibarua wa Kikurya waliinamisha vichwa. Mama mzima kutamka hadharani kwamba alikaa chumba kimoja na mkwewe akimtazama! Alikuwa amejivua heshima yake yote ili amsitiri mtu ambaye nusura amuue kwa aibu ya kukohoa. Mniko alitamani ardhi immeze.

"Mhandisi," akasema, "mama hakuniona. Sikuingia. Sahihi ile ni ya uongo."

"Karekebishe nyaya," Eugenia akamwambia. "Ukimaliza, rudisha kofia yangu ya kazi, uende nyumbani."

Gari likaondoka na Bernadetha. Mniko akabeba bisibisi zake mpaka maabara. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu, ndoo imelala ubavu na maji yametapakaa.

Akasimama kizingitini, akakohoa.