Senta Fowadi wa Mwaka wa Arobaini

Timu ya Bukoba ilichaguliwa na Gamaliel, seremala wa Kitendaguro, mtu ambaye tangu azaliwe hajapiga mpira ukaenda alikotaka. Labda ndiyo maana walimwamini. Siku ya mechi alisimama uwanjani Kahororo na kikapu cha kahawa ya kutafuna, akitaja nafasi moja moja. Ukitajwa unakinga mkono, unapewa punje, unatafuna mbele ya watu. Ukishatafuna, hakuna wa kubisha tena.

Mwaka wa arobaini alikuja bwana wa kuandikisha askari, akitaka vijana wenye nguvu. Wenyeji wengine walikuna vichwa. Gamaliel, kwa majivuno tu, akachomoa mfukoni karatasi ya timu, golikipa mpaka winga wa kushoto. Wote kumi na mmoja wakaenda Keya, jeshi la Mwingereza. Walirudi kumi. Byabato, senta fowadi, alibaki Burma.

Sasa vita vimekwisha mwaka mzima, lori la Muleba limeshashusha wachezaji, na Gamaliel amebakiza nafasi moja.

"Senta fowadi," akasema.

Mkono ukaja. Ulikuwa na kovu la panga kwenye kidole gumba, kama wa Byabato, nao haukuwa na mwenyewe. Kila mechi ulikuja hivyo, na kila mara akifumba macho ulikuwa unaondoka. Leo alifumba, akafumbua. Bado upo.

"Gamaliel, umesinzia?" Protase, mchezaji wa zamani, alipaza sauti kutoka kwenye majani, kitambi chake kikiwa mapajani kama mgeni wa heshima. "Wenzetu wa Muleba wanaota mvi!"

Tangu jana Gamaliel alikuwa ameamua: atampa Philbert, mdogo wake Byabato, ili yule wa Burma atulie. Philbert alicheza kama mtu anayefukuza kuku, lakini basi. Akamgeukia. Nyuma ya kijana alikuwa amesimama mama yao, Kokuberwa, ambaye hakuwa amekanyaga uwanja huo tangu barua ya serikali ifike.

"Kabla hujampa punje, waitu," akasema, "niambie. Mwaka ule, Byabato wangu ndiye aliyekuwa hodari?"

Gamaliel angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini ule mkono ulikuwa bado umekingwa, unangoja.

"Hapana, maawe. Hodari alikuwa Protase. Ila wiki ile alinicheka harusini, kigoda changu kilipovunjika na shangazi wa bibi harusi akiwa juu yake. Nikamnunia. Nikamtoa, nikamweka Byabato."

Protase akakikumbatia kitambi chake kwa mikono miwili.

"Mwanangu alikwenda kwa sababu ya kigoda," Kokuberwa akasema polepole. "Na huyu Philbert?"

"Huyu ni kwa ajili ya Byabato."

"Nani kakuomba? Chagua mchezaji."

Gamaliel akampa punje Muharami, kijana ambaye mbio zake ziliwatoa jasho hata mabeki waliosimama. Philbert akashusha pumzi kama aliyefunguliwa jela.

Mpira ukaanza. Gamaliel akahesabu watu wake kama kawaida. Kumi na wawili. Akarudia. Kumi na wawili.

"Protase, hebu nihesabie."

Protase akahesabu kwa kidole. Kidole kikafika katikati ya uwanja, kando ya Muharami, kikasimama hapo, kisha kikashuka taratibu. Hakufanya mzaha.

Kokuberwa aliwatazama wote wawili. Akaelewa.

"Yuko wapi?"

"Pale kati, maawe."

"Anacheza?"

Gamaliel alitazama kwa muda mrefu. "Anaomba pasi. Hawampi."

Mama akasogea hadi kwenye mstari, khanga ikimteleza begani, akaweka viganja mdomoni. Watu wa Bukoba na wa Muleba wakageuka wote.

"Mpeni!" akapiga kelele. "Nyie, mpeni mwanangu mpira!"