Chembe za Njano

Injini ilinguruma dakika kumi, kisha Anatoli akaizima. Oili ya moto hutoka pamoja na uchafu wake. Ya baridi huuacha umeganda chini. Hilo alilijua tangu karakana ya mgodi kule Geita, alikofungua na kufunga injini za watu wengine kwa miaka sita. Leo alikuwa amelala chini ya lori lake mwenyewe, uani kwake Kharumwa, na ingawa hakuwa mtu wa papara, alijikuta anatabasamu peke yake na spana kifuani.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nane, mwaka 1954. Kesho yake, katika misheni ya Ushirombo, shemeji yake Tarsisi angepewa upadre. Watu thelathini na wawili walikuwa wameahidiwa kupanda lori hilo: kwaya nzima, ngoma mbili, na ukoo wa mkewe. Njia ilikuwa maili sitini na zaidi za vumbi. Lori lilikuwa la mnadani, wala hakuna aliyeweza kumwambia lilibadilishwa oili lini. Kwa hiyo lisingetoka uani kabla hajalibadilisha oili.

"Mama Justina! Nipe chombo kipana, debe halipiti chini hapa."

"Karai langu la kufulia hulipati ng'o," mkewe Euphrasia alijibu kutoka jikoni. "Nguo za kesho nizifulie wapi, kwenye tairi? Subiri nikutafutie jingine."

Akaenda, akarudi na karai kuukuu la bati zito, jeusi, limebonyea upande mmoja. Anatoli alilipangusa kwa gunia, akalisukuma chini ya injini, akalegeza bolti. Oili ikashuka kama kamba nyeusi, inatoa moshi.

"Uji wa ulezi huo!" alisema Stanslaus, mpiga ngoma wa kwaya, aliyefika tangu saa nane mchana ili nafasi yake garini isije ikachukuliwa. "Fundi, usiimwage. Nitapaka nguzo za nyumba yangu, mchwa wote wahamie kwako."

"Basi lete debe, na ulishike vizuri."

Waliimimina taratibu. Karai lilipobakiwa na oili ya kufunika kiganja, Stanslaus aliacha kucheka. Pale chini, penye jua, chembe za njano zilikuwa zimejipanga kama mstari wa sisimizi, zinang'aa.

"Dhahabu," alinong'ona. Kisha akapiga kelele. "Dhahabu! Jamani, njooni! Lori la Anatoli linataga dhahabu!"

Kwaya, iliyokuwa ikifanya mazoezi nyuma ya nyumba, ilikata wimbo katikati ya ubeti. Walikuja mbio wote. Kina mama walipiga vigelegele, mtu akaanza kuimba kwamba padri mpya ameleta baraka hata kabla ya kuwekewa mikono.

Anatoli hakuimba.

"Ndani ya injini hamna dhahabu," alisema. "Mna bushi za shaba, pete zinazoshikilia vyuma vinavyozunguka. Zikilika, hutoa unga wa njano kama huu. Niliona gari la mgodini likitoa unga hivi. Lilikwenda maili kumi na mbili tu, konrodi, ule mkono wa pistoni, ikatoboa ubavu wa injini. Sitapakia watu thelathini na wawili juu ya kitu cha namna hiyo. Hakuna safari mpaka nijue."

Euphrasia alijisogeza, mikono ina povu la sabuni.

"Baba Justina, Tarsisi ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni."

"Ndiyo maana nataka kujua."

Aliifungua filta ya zamani, akatoa kitambaa chake kinene, akakisuuza kwa petroli ndani ya bakuli jeupe la enameli. Watu walimwinamia hadi wakamzibia mwanga, akawafukuza kwa kiwiko. Masizi. Mchanga kidogo. Akasuuza tena, akaligeuza bakuli juani. Hakuna hata chembe moja ya njano.

Injini ikitema shaba, filta haiwezi kukosa kuimeza. Kama filta ilikuwa safi, basi njano ile haikupita ndani ya injini.

"Mama Justina, hili karai umelitoa wapi?"

"Kwa baba. Kuku walikuwa wananywea maji."

Mzee Mabula, baba yake Euphrasia, alikuwa tayari anawasili kwa fimbo yake, amefuata kelele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mnachinja nini?" Akaliona karai. Aliinama, akapitisha dole gumba penye ule mbonyeo. "Hili mimi ndiye niliyeliangusha mwambani! Nimechekecha nalo mchanga wa dhahabu miaka kumi na moja, nilipokuwa kibarua wa bwana mmoja mwenye leseni ya kuchimba. Kuku wangu wamenyang'anywa kwa nini?"

Watu waliangua kicheko cha faraja, lakini Anatoli aliinua mkono. Maelezo yalikuwa mazuri. Bado hayakuwa ushahidi.

"Tuzimwagie maji ya betri!" alipendekeza Stanslaus.

"Hayo hayatatuambia kitu. Inatakiwa tindikali ya masonara."

"Ninayo," alisema Mabula.

Aliileta chupa ndogo iliyoviringishwa kitambaa. Anatoli aliziosha chembe kwa petroli, akaziweka upande mmoja wa kigae cha sahani. Upande wa pili alisugulia kufuli la shaba kwa tupa, ukadondoka unga wa njano uleule kwa macho. Tone hapa, tone pale.

Unga wa kufuli ulichemka, ukatoa moshi, ukageuka kijani.

Chembe za karai zilikaa kimya ndani ya tone lake, njano vilevile. Anatoli alihesabu hadi sitini. Akahesabu tena.

"Ni dhahabu," alisema, na sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Ilinasa kwenye kutu, oili ya moto ikaitoa. Injini ni nzima!"

Stanslaus hakuwa na ngoma, akapiga mlango wa lori. Euphrasia alimkumbatia mumewe mbele ya baba yake, povu likamwenea shingoni, na hakuna aliyemkemea. Anatoli alifunga bolti na filta mpya, akamimina oili mpya, akawasha. Mshale wa presha uliruka ukasimama pake. Alichungulia chini: pakavu. Akazima, akangoja, akatumbukiza kijiti cha kupimia. Oili iligota kwenye alama ya juu.

"Saa kumi na moja alfajiri!" alitangaza. "Atakayechelewa, Ushirombo ataisikia kwa wenzake!"

Katikati ya vigelegele, Stanslaus alijitwika debe lake la oili chafu, akaelekea mlangoni. Fimbo ya Mabula ikamzuia kifuani.

"Nguzo zako zitasubiri, kijana. Liweke chini. Kwanza nilichekeche."