Kilo Thelathini za Nyasi

Kijana wa bustani, ambaye hospitali nzima ilimwita Msomi kwa sababu wino wa cheti chake ulikuwa haujakauka, aliingia kwenye kikao cha bajeti na moyo mweupe. Alikuwa ameupima uwanja wote, kuanzia chini ya dirisha la mkurugenzi hadi nyuma ya wodi ya wazazi, ambako jamaa wa wagonjwa walisubiri juu ya saruji ya moto, wamebanana kama kuku tengani.

"Mita elfu mbili za mraba," alisema. "Kila mita inataka gramu thelathini. Jumla kilo sitini za mbegu."

Mhasibu alivua miwani. "Tunapanda nyasi au tunafuga ng'ombe?"

Kikao kikacheka, kisha kikakata bajeti. Hema la uzinduzi wa bustani halikuguswa. Utepe na mkasi wake havikuguswa. Chakula cha wageni kiliongezwa, maana mgeni hali majani. Mbegu zikabaki kilo thelathini.

"Mheshimiwa, hizo ni za nusu uwanja."

"Tawanya kote," mkurugenzi alisema. "Nyasi zina akili, zitatafutana."

"Zikiwa chache hivyo, uwanja utakuwa na kipara."

Mhasibu alijipapasa kichwa, kilichong'aa kama sahani. "Kipara kina ubaya gani?"

"Na mkataba wako, Msomi," mkurugenzi alikumbusha kwa upole, "si unaisha mwezi wa uzinduzi?"

Kesho yake Msomi alizimwaga mbegu zote nyuma ya wodi, kwa kipimo chake. Mbele hakutupa hata punje. Wiki baada ya wiki akamwagilia.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi alikata utepe mbele ya udongo mtupu. Mkurugenzi alieleza kuwa hiyo ni awamu ya kwanza. Watu wakapiga makofi, wakawahi sahani. Mkurugenzi akamfuata Msomi nyuma ya wodi, mishipa imemtoka shingoni.

Huko nyasi zilikuwa zimeshonana kama zulia, na jamaa wa wagonjwa wamejinyoosha juu yake.

"Msomi, kusanya vyako uondoke."

"Nani anayefoka karibu na wazazi?" sauti ilitoka nyasini.

Mkurugenzi aliitambua kabla ya kugeuka. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kumtazama binti yake wa mwisho, aliyejifungua jana yake.

"Shikamoo, mama." Sauti ilishuka, mgongo nao.

"Marahaba, baba. Nimekaa hapa tangu asubuhi, nikasema kumbe sikukosea kukuoza mwanangu. Mtu anayewafikiria wanaosubiri! Hii kazi yako?"

Mkurugenzi alimtazama Msomi, akatazama viatu vyake.

"Yetu, mama. Yangu na huyu kijana."

"Basi vua viatu ukae, unatuzibia upepo." Akamgeukia Msomi. "Na kule mbele, mwanangu, utapanda lini? Nimeona vumbi tupu."



"Mwezi ujao," mkurugenzi alimjibia, huku akihangaika na kamba za viatu. "Akishaletewa mbegu zilizobaki."