Sahani ya Bi Swaleha

Sifa zilimwingia Tuneya kichwani kwa sababu ya mbwa. Kabla ya hapo alikuwa tu yule daktari wa mifugo mwenye duka la dawa pale Garsen, mchoma ng'ombe sindano na muuza dawa ya kupe, na hakuna aliyemsimamisha njiani kumpa mkono. Kisha Kitsao wa Kulesa akamletea mbwa wake wa kulinda shamba, ameishiwa damu kwa homa ya kupe, ufizi mweupe kama unga. Tuneya akatoa damu kwa mbwa wa shemeji yake Kitsao, akamtia mgonjwa, na kabla jua halijazama mbwa akainua kichwa na kutaka chakula. Basi! Kitsao naye ana mdomo. Kutoka Kulesa hadi Wenje alitangaza kwamba Garsen kuna mtu anayefufua wanyama kwa damu, na watu wakaanza kumwita Daktari Damu. Tuneya alilikataa jina hilo kwa maneno, lakini kila alipolisikia alitembea kwa madaha.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba kwa mbwa, mara ya kwanza, karibu damu yoyote hupita. Mwili wa mbwa haugombani na damu ngeni mpaka uwe umewahi kuipokea. Hatari iko mara ya pili. Paka ni habari nyingine. Paka anao ugomvi huo mwilini tangu udogoni. Wengi wana damu ya kundi A, wachache wana B, na mwenye B akitiwa A anaweza kufa mara hiyo hiyo ya kwanza. Tuneya alifundishwa haya chuoni, akayajibu vizuri kwenye mtihani. Hilo ndilo linaloudhi.

Siku Bi Swaleha alipomleta Zabibu, duka lilikuwa limejaa. Bi Swaleha ni mama wa makamo, mjane, mzaliwa wa Kipini, na Zabibu alikuwa paka wake wa kulala naye mkekani. Alikuwa amekula panya aliyekula sumu, na damu ilikuwa ikimtoka kwenye fizi bila kukoma. Kitsao, aliyekuja kununua dawa ya kupe, aliishika hadithi ya mbwa wake tangu mwanzo, wateja wakasogea kusikiliza. Mtu akatumwa hotelini kwa Asenath kuleta lile dume lake la paka, nene, lililononeshwa na vichwa vya samaki, litolewe damu.

Vioo vya kupimia vilikuwa kwenye droo. Tuneya aliifungua, akaviona. Kupima kungetaka kungoja damu ya mgonjwa itulie, maji yake yapande juu, kisha kuyachanganya na tone la damu ya dume na kuinama kuangalia, mbele ya watu wote wale, kama mtu asiyejua kazi yake. Daktari Damu wa kwenye hadithi ya Kitsao hakupima chochote. Tuneya akaifunga droo.

Zabibu alianza kuhema kwa mdomo wazi damu ikiwa bado inaingia. Akajinyoosha, akajikojolea mapajani mwa Bi Swaleha, akafa.

"Sumu ilikuwa imemwingia sana, mama," Tuneya akasema. Maneno yalimtoka kirahisi mno, naye akashangaa.

"Ni kazi ya Mungu, mwanangu," Bi Swaleha akamjibu, machozi yakimlengalenga. "Wewe umefanya uwezalo. Mungu akulipe."

Kesho yake akamletea mkate wa kumimina, wa moto bado, kwenye sahani nyeupe yenye maua ya buluu. Alisimama pale pale kwenye kaunta mpaka Tuneya alipokula kipande. Akakisukuma kwa maji, akasema mtamu. Alipobaki peke yake alilia kwa aibu, mtu mzima mwenye ndevu. Na sahani ile ikawa adhabu yake. Mtu hairudishi sahani ya jirani tupu, kila mtu anajua. Lakini atie nini? Mchele? Samaki? Kila alichokifikiria kilionekana kama malipo ya paka aliyemuua mwenyewe. Akaiweka rafuni nyuma ya chupa za dawa, akaanza kupita njia ya nyuma ili asionane na mwenye sahani. Bi Swaleha naye hakumwachia nafasi ya kujificha: sokoni alimsifu, msibani alimsifu, harusini alimsifu.

Sifa hizo hizo ndizo zilizomleta Mbodze. Aliingia dukani na kikapu, Bi Swaleha akimtangulia.

"Mwanangu, huyu ni jirani yangu Mbodze," akasema Bi Swaleha. "Paka wake, Kashata, ni ndugu wa Zabibu, tumbo moja, mimi ndiye n'liyempa. Kala sumu ile ile. Nimemwambia asihangaike, tuna mtu wetu."

Tuneya alizitazama fizi zile nyeupe. Akamchoma Kashata dawa ya kuzuia damu isitoke, lakini ilikuwa wazi kwamba bila kuongezwa damu hafiki jioni. Dume la Asenath likaletwa.

"Mama, pumzika pale nje kidogo," akamwambia Bi Swaleha. "Tutakuita."

"Ah, mimi nimezoea. N'tamshika mwenyewe."

Hapo hapakuwa na pa kupita. Akipima, atapima mbele yake. Asipopima, huenda akaua tena. Akaivuta droo. Akatoa damu kidogo kwa Kashata, akaisimamisha kwenye kichupa, wakangoja mpaka maji ya njano yakapanda juu. Akadondosha tone la maji hayo kwenye kioo, akalichanganya na tone la damu ya dume, akakiinamisha kioo huku na huku. Wekundu ule ukakatika kama maziwa mabovu kwenye chai, punje punje.

"Nini hiyo?" akauliza Bi Swaleha.

"Hazipatani. Nikimtia damu hii atakufa."

Bi Swaleha alikitazama kioo kwa muda. Kisha akamtazama Tuneya.

"Na Zabibu? Mbona Zabibu hukumfanyia hivi?"

Angeweza kusema siku ile vioo vilikuwa vimekwisha. Uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Sikumpima, mama. Vioo vilikuwamo humu ndani. Watu walikuwa wengi, nikaona haya kuonekana sina hakika. Hakuuawa na sumu. Mimi ndiye niliyemuua."

Mbodze akaangalia chini. Bi Swaleha hakupaza sauti.

"Mama yao yupo kwangu," akasema. "Hina. Siku ile n'kitoka na Zabibu, alikuwa amelala mlangoni. Ungeniuliza tu."

Akatoka. Alirudi na paka mzee wa rangi ya kahawia amemkumbatia, akamweka mezani. Tuneya akapima tena, na mara hii tone likabaki laini, jekundu, halina punje hata moja. Bi Swaleha akamshika Hina, akimsemesha polepole wakati damu inatolewa, asimsemeshe Tuneya hata neno. Jua lilipoelekea kuzama, Kashata aliinua kichwa na kumlamba Mbodze kidole.

"Asante sana daktari," akasema Mbodze, akafunika kikapu chake.

Tuneya alimgeukia Bi Swaleha. Alitamani atukanwe. Alitamani asikie tusi moja kubwa la kumpunguzia ule mzigo kifuani.

Bi Swaleha alimbeba Hina kwapani. Akaangaza rafuni, nyuma ya chupa, akanyoosha mkono.

"N'patie sahani yangu."

"Mama, ngoja nitie japo kitu..."

"Nipe hivyo hivyo."

Akampa. Bi Swaleha akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, akatoka nayo tupu, akapita nayo sokoni watu wakiiona.